Mama Pasi na Kabati la Moshi

Siku aliyotoka hospitali, Mama Pasi hakuingia ndani. Alishuka kwenye gari la mdogo wake, akamwachia mumewe mkoba wa dawa, akazunguka nyuma ya nyumba taratibu huku ameshika ukuta, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa mwenzake.

Kibanda cha moshi hakikuwepo.

Mahali pake palibaki kipande cha udongo mweusi chenye pembe nne, na juu ya udongo huo mtu alikuwa amepanga vyungu vya maua. Maua mekundu, yamemwagiwa maji asubuhi hiyohiyo.

"Kiko wapi?" aliuliza.

Mumewe, ambaye alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake na hata baada ya kustaafu watu hawakuacha kumwita Dereva, alitazama viatu vyake. Mdogo wake akasafisha koo.

"Dada, karibu nyumbani kwanza. Kaa, unywe chai, halafu tutazungumza."

"Sijauliza chai. Nimeuliza kibanda cha mama kiko wapi."

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini wanaume wawili wazima walikuwa wakitazama chini, inafaa ajue huyu mwanamke alikuwa nani. Tangu msichana alikuwa amefanya kazi katika dobi kubwa lililofua mashuka ya mahoteli, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Mvuke ndio ulioharibu kifua chake. Jina la Mama Pasi alipewa na wenzake kwa sababu mbili, na ya pili waliisema akiwa hayupo: alipata moto upesi, na ukimgusa wakati huo alikuachia alama.

Kibanda kilikuwa kazi ya mama yao. Alikijenga kwa matofali na mbao, kirefu kuliko mtu kidogo, na ndani yake alining'iniza samaki na vipande vya jibini katika moshi usio na joto. Hilo ndilo watu wengi hawakulielewa. Kubanika samaki kila mtu anajua: moto chini, samaki juu, anaiva. Lakini mama yao hakuivisha kitu. Moto wake aliuweka mbali, kwenye shimo, na moshi ukapita chini ya ardhi ukapoa kabla ya kumfikia samaki. Samaki akakaa humo hadi nyama yake igeuke rangi ya asali, na ukimkata kwa kisu kikali unapata vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Binti yake mkubwa alijifunza kazi hiyo tangu akiwa mdogo. Mtoto wa kiume alikimbia moshi, akasoma, akawa mtu wa ofisini, na kwa kuwa hakukuwa na jambo la ukoo ambalo hakuliitishia kikao, ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Mama alipofariki, nyumba na kibanda vilibaki kwa binti. Hilo halikuwa na ubishi.

"Tulikaa kikao," alisema Mwenyekiti.

"Nani na nani?"

"Mimi, shemeji hapa, na wifi yako."

"Na mimi?"

"Dada, wewe si ulikuwa umelazwa?"

"Ahaa. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Usichukulie hivyo. Daktari alisema moshi ni sumu kwako. Tungefanyaje? Tukuache urudi, uingie mlemle ukafie humo? Tumeondoa kishawishi. Matofali kachukua jirani, ule mlango wa chuma kachukua mtu wa vyuma chakavu."

"Na mbao? Mbao ambazo mama alizipasua mwenyewe?"

Mwenyekiti alitazama maua. "Zilikuwa zimeoza. Tukazichoma."

"Mlizichoma." Mama Pasi alitikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu la kijinga na mwanafunzi bora. "Ili kuuondoa moshi nyumbani kwangu, mlitia moto. Hongereni, mwenyekiti na wajumbe."

Halafu akaanza kukohoa, na kukohoa huko kulimkera kuliko yote, kwa sababu kulifanana na kukubali kwamba wana haki. Mdogo wake alimshika mkono. Aliutoa.

*

Watu wengine wakikasirika huacha kula, wengine huvunja vyombo. Mama Pasi alipiga pasi. Alipiga pasi mashati, mapazia, foronya, vitambaa vya kufutia vyombo, na hata soksi za Dereva, akazikunja mfano wa bahasha. Hakusema neno. Chai alikuwa akiitenga mezani na kuondoka. Dereva, aliyekuwa amezoea kelele za injini na kelele za mkewe, alianza kuogopa kimya hicho kama dereva anavyoogopa kimya cha injini mlimani.

"Mama watoto," alisema siku moja, "basi nitukane nipumzike."

"Nikutukane kwa lipi? Wewe ni mjumbe wa kikao."

Kwa mdogo wake alikuwa na hasira ya kawaida, ile ambayo dada mkubwa huwa nayo kwa mdogo tangu aliponyang'anywa mgongo wa mama. Iliyomchoma ni ya mume. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuwa akizipiga pasi nguo hizohizo.

Nguvu ziliporudi kidogo alijiendea mwenyewe kwa daktari, hakutaka kusindikizwa.

"Daktari, uliwaambia nini watu wangu? Umekataza nini hasa?"

"Moshi, mama. Usivute moshi."

"Umekataza kuuvuta. Na kuula je?"

Daktari aliinua uso kutoka kwenye karatasi, akamtaka aeleze. Alimweleza. Daktari alicheka kwanza, kisha akawa makini: moto uwashwe na mtu mwingine, moshi utokee juu na mbali naye, asifungue mlango wakati moshi upo ndani, na chumvi ale kwa kiasi. Akifanya hivyo, sawa. Akianza kubanwa, aache.

Mama Pasi alirudi nyumbani na habari hiyo ikamzidishia hasira mara mbili. Kumbe swali moja lingetosha! Watu watatu wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyepata ulimi wa kuuliza swali moja.

"Vaa viatu," alimwambia Dereva. "Tunakwenda kununua kifaa."

*

Dukani walikuta maboksi ya chuma yanayong'aa, yenye milango ya kioo, vitasa, na taa ndogo za kijani. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye maneno laini, na maneno hayo yote alimpelekea Dereva.

"Mzee, hii ndiyo mashine. Inatumia umeme, unatia vipande vya mti hapa chini, unabonyeza. Mama ataipenda sana."

"Mama yupo hapa," alisema Mama Pasi. "Ana masikio mawili na yote yanafanya kazi. Moto uko wapi?"

"Hapa chini, mama."

"Na samaki?"

"Juu yake, hapa kwenye nyavu."

"Boksi moja?"

"Boksi moja. Kila kitu kwa pamoja, hakuna usumbufu."

"Joto likishuka sana linafika wapi?"

Kijana alizungusha kitasa, akasoma. Sitini.

"Baba, hilo ni jiko. Tena ni jiko zuri, mwuzie mtu anayetaka kupika. Mimi sitaki kupika. Nataka samaki akae kwenye moshi na asijue kwamba kuna moto duniani. Ikizidi thelathini nimemharibu."

"Lakini mama, moshi bila moto..." Kijana alitabasamu kwa Dereva, kutafuta msaada. "Si wanasema pafukapo moshi pana moto?"

"Pana moto, ndiyo. Lakini wahenga hawakusema uko umbali gani."

Dereva, kwa nia njema ya mtu anayetaka amani, aliupapasa mlango wa kioo. "Lakini inang'aa vizuri," alisema. "Tungeichukua tu, mama watoto, tukajaribu."

Mkewe alimtazama. Dereva akautoa mkono kwenye kioo upesi, kana kwamba kimemuunguza.

Njiani alimfafanulia, si kwa upole, na watu wa barabarani wakapata somo la bure. Walihitaji vitu vitatu vilivyotengana: pahala pa moto, bomba refu la kuupoza moshi, na sanduku la kuning'iniza chakula. Moto na bomba, fundi wa kuchomelea angetengeneza. Kazi ilikuwa sanduku. Dereva alipendekeza friji bovu. Mama Pasi alikataa, ndani ya friji ni plastiki tupu, hakutaka samaki wake wanuke ndoo. Dereva akapendekeza kabati la chuma la ofisini, yapo mengi kwa wauza vitu chakavu.

"Chuma kinatoka jasho," alisema Mama Pasi. "Moshi una unyevu. Ukigusa bati la baridi unageuka maji meusi, yanadondoka juu ya samaki, machungu kama shubiri. Nataka mbao. Mbao inakunywa. Mbao ngumu, kavu, isiyopakwa kitu ndani, ndefu ya kutosha, yenye mlango unaofunga vizuri."

"Kitu kama hicho utakipata wapi siku hizi?"

Mama Pasi alisimama katikati ya njia. Uso wake, ambao kwa majuma ulikuwa umekunjamana kama shuka ambalo halijaguswa, ulinyooka ghafla.

"Nakijua kilipo," alisema.

Walipofika nyumbani alikwenda chumbani, akafungua kabati la nguo la mumewe, akaanza kutoa. Makoti, suruali, suti moja ya harusi, kofia za kampuni za usafirishaji ambazo nyingine zilishakufa, mikanda. Vyote kitandani.

"Mama watoto! Unafanya nini?"

"Nanusa." Alikuwa ameingiza kichwa kabatini. "Hukuweka dawa ya nondo humu?"

"Sijawahi. Lakini hilo ni kabati langu! Alinipa baba yangu! Huwezi kuchukua kitu cha mtu hivihivi bila hata kumw..."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, likageuka na kurudi lilikotoka.

"Malizia," alisema mkewe. "Bila hata kumfanya nini?"

Dereva alikaa juu ya makoti yake. Baada ya muda aliinuka, akashika upande mmoja wa kabati. Mkewe hakuruhusiwa kubeba mizigo, kwa hiyo aliita jirani, na wanaume wawili wakalitoa nje kama jeneza.

*

Kazi ya kulitengeneza ilichukua siku nyingi, na hasira ya Mama Pasi ilifanya kazi pamoja naye bila kuomba mapumziko. Vanishi ya nje aliiacha, ya mlango kwa ndani Dereva aliikwangua kwa msasa huku yeye amesimama upande upepo unakotoka, kitambaa puani, akionyesha kwa kidole palipobaki. Waliliosha kwa maji ya moto na magadi, wakaliacha wazi juani hadi harufu ya makoti iishe. Seremala wa mtaa alitoboa tundu chini ubavuni la kuingilia moshi, na jingine juu upande wa pili la kutokea, lenye kifuniko cha kuteleza ili moshi upunguzwe au uachiwe. Matundu yote yakawambwa wavu wa waya, inzi wasipite. Ndani ikapigiliwa miti ya kutundikia kulabu, na chini ya kulabu kukawekwa sinia la kukinga matone.

Fundi wa kuchomelea naye alipata sehemu yake ya maneno. Alileta bomba jeupe la zinki, zuri, jipya.

"Hilo la maji," alisema Mama Pasi. "Likipata moto linatoa sumu. Mimi tayari nimeambiwa moshi utaniua, usiusaidie."

"Mama, upande wa moto tu ndio..."

"Upande wa moto ndio huohuo ninaousema. Chuma kitupu, fundi."

Fundi alirudi na chuma kitupu. Akatengeneza pia sanduku dogo la moto lenye mlango wa kupitisha hewa, na trei ya chuma yenye matundu iliyogawanywa kwa kuta ndogo, njia ikijipinda ndani yake kama utumbo. Unga wa mbao hupangwa kwenye njia hiyo, huwashwa ncha moja, ukafuka polepole hadi ncha nyingine bila kutoa mwali. Sanduku la moto waliliweka mwisho wa uwanja wa nyuma, mbali na dirisha la jikoni. Bomba likapanda kidogo kidogo kuvuka uwanja, likaingia kabatini. Vyungu vya maua vilihamishwa. Kimoja kilivunjika, na hakuna aliyesikitika.

Seremala ndiye aliyekaribia kumtoa roho. Alileta gunia la unga wa mbao, akalitua kwa fahari. Mama Pasi alichota mkononi, akanusa.

"Hii ni plaiwudi."

"Kidogo tu, mama, imechanganyika."

"Gundi imechanganyika! Wewe ukialikwa, wanakupikia gundi? Nimekwambia mti mgumu, mtupu, mkavu. Usio na utomvu. Ni maneno mangapi hayo?"

"Mama Pasi, ni kwa ajili ya moshi tu, si ya kula."

Seremala alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameshafukuzwa na mbwa, nyuki na askari, lakini kufukuzwa na mwanamke anayesimama kila hatua kupumua na bado anakuja, hilo lilikuwa la kwanza. Kesho yake alileta gunia lingine, unga wa msumeno uliopasua mti wa mwembe peke yake, na safari hiyo alilitua getini.

*

Samaki wa kwanza Mama Pasi aliwaandaa kama mama yake. Aliwapasua, akawafunika kwa chumvi na sukari kidogo, akawaweka kwenye friji, kisha akawaosha, akawatundika mahali penye upepo wakauke hadi ngozi ya juu ikawa inanata kidoleni. Bila kunata huko moshi hauna pa kushika. Alichagua asubuhi ya baridi. Dereva akakabidhiwa moto, maana daktari alisema mtu mwingine, na mtu mwingine nyumbani alikuwa mmoja tu. Mama Pasi alikaa ndani, dirisha limefungwa, akitazama kipimajoto kilichochomekwa mlangoni mwa kabati, chenye uso mkubwa ulioonekana kwa mbali.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Uzi mwembamba wa moshi wa buluu ulitoka kwenye tundu la juu. Halafu ukapungua. Halafu Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake na kuona moshi unazubaa, alifanya jambo ambalo madereva wote hufanya gari likizubaa: alikanyaga mafuta. Alifungua mlango wa hewa wote, akainama, akapuliza.

Unga ulishika moto. Mshale wa kipimajoto ulipanda kama mbuzi juu ya kichuguu. Mama Pasi aligonga kioo, akapiga kelele, lakini Dereva masikio yake yalikuwa yameishia kwenye injini miaka mingi iliyopita, naye aliendelea kupuliza kwa bidii ya mtu anayejua anasaidia. Hadi alipogeuka, samaki walikuwa wameiva. Nyama ilikuwa imelegea ikaachia kulabu, na mmoja baada ya mwingine wakaangukia kwenye sinia, pu, pu, pu.

Mama Pasi alitoka nje. Safari hii hakunyamaza. Yote yaliyokuwa yamepigwa pasi na kukunjwa yalitoka: samaki, bomba, muuzaji, maua mekundu, mama yake, mbao zilizochomwa.

"Na wewe!" alisema. "Mwenyekiti ni Mwenyekiti, yeye hata arusi yetu aliitaka aiongoze. Lakini wewe ulikula samaki wa kibanda kile tangu siku ulipokuja kunichumbia. Ulisimama pale ukawatazama wakikibomoa. Ulishika tofali?"

Dereva alifuta mikono kwenye suruali.

"Nauliza ulishika?"

"Nilishika," alisema.

"Kwa nini?"

Mzee alivua kofia. Uso wake ulikuwa na masizi, na machozi ya moshi yalikuwa yamechora njia mbili juu yake.

"Nilikuwa nimetoka hospitali," alisema. "Ulikuwa na mpira puani. Nilikuita, hukunijua. Uliniita jina la baba yako aliyefariki. Nikarudi nyumbani nikafungua mlango huu wa nyuma, nikaona kibanda, na nikakichukia. Mwenyekiti alipokuja na kikao chake mimi nilikuwa nimeshashika nyundo. Basi. Si yeye. Ni mimi nilianza."

Mama Pasi alikuwa hajui hilo. Alikaa kwenye kigoda cha mumewe. Alikohoa, akatulia.

"Uliogopa," alisema.

"Niliogopa."

"Ungeniambia. Ningefungua macho ukaniambia, mke wangu, nimeogopa. Hilo ningelielewa. Lakini mkaja na maneno ya kishawishi, kama mimi ni mlevi. Mkaja na kikao. Mnanipenda kama watu wanavyopenda kiti: mnaniweka mnapotaka nyinyi."

"Nisamehe."

"Bado," alisema Mama Pasi. "Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo. Lakini sasa angalau ni hasira ninayoijua inatoka wapi." Alitazama sinia. "Chukua uma. Tusiwatupe. Samaki wa kubanikwa naye ni chakula."

Wakala wamesimama, kwa vidole mwishowe, maana uma haukusaidia. Samaki walikuwa na chumvi nyingi, wakavu, na Dereva akasema si wabaya.

"Ni wabaya," alisema mkewe. "Usianze kunidanganya tena."

*

Mara ya pili Dereva alipewa masharti: asipulize, asiguse mlango wa hewa bila kuuliza, na akiona moshi unazubaa aache uzubae. Alikaa karibu na sanduku la moto kwa subira ya mtu anayesubiri kivuko. Moshi ulitoka mwembamba asubuhi, wakauzima jua lilipopanda, wakauwasha tena kesho yake kulipokuwa baridi. Mshale haukusogea palipokatazwa. Kabati lilipoachwa wazi na moshi wote kuondoka, Mama Pasi alikwenda mwenyewe, akamshusha samaki mmoja, akambeba jikoni. Akanoa kisu. Kipande cha kwanza alikiinua dirishani, na mwanga ukapita.

Alikitia mdomoni, akasimama hapo muda mrefu akiwa amempa mumewe kisogo. Dereva hakuuliza. Alikuwa ameanza kujifunza wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza.

Mwenyekiti alikuja Jumapili, na begi la matunda, na hotuba. Alikuwa amesikia. Alikagua bomba, akapiga kabati kwa kidole, akalitambua, akamtazama shemeji yake kwa huruma.

"Dada," alisema wakiwa wameketi, "nadhani umefika wakati tukae kikao kidogo, watu watatu tu, tulimalize hili jambo kwa..."

"Hakuna kikao."

"Mazungumzo basi."

"Hakuna mazungumzo. Mlango wa chuma wa mama uko wapi?"

"Nimekwambia, mtu wa vyuma chakavu..."

"Umemfuata?"

"Nimemfuata," alisema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mezani. "Mara tatu. Ameshauyeyusha, dada. Nimeuliza hadi kiwandani. Haupo."

Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Mama Pasi alimtazama kwa makini: mvi zilizoingia masikioni, shati lililopigwa pasi vibaya, mstari mara mbili kwenye mkono. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani yenye vipande vichache, vyembamba sana, vimepangwa mbalimbali ili vionekane vingi.

Mwenyekiti alikula kimoja. Akaacha kutafuna. Mtu aliyekuwa amekimbia moshi utoto wake wote aliinamisha kichwa juu ya sahani.

"Ni wenyewe," alisema. "Ni wa mama kabisa."

"Hapana. Wa mama walikuwa bora. Mama alikuwa na kibanda."

Alikubali pigo hilo bila kujitetea, akaomba kipande kingine. Dada yake alimkatia, chembamba vilevile. Walikaa hadi jua likapungua, wakizungumza habari za watoto na bei ya dawa, na Mwenyekiti alipoaga alimkumbatia dada yake, naye akamwacha amkumbatie.

Asubuhi iliyofuata Mama Pasi aliamka, akajipima moyoni kama mtu anavyojipima homa, akakuta hasira ipo. Si ile ya mwanzo, lakini ipo. Akachukua simu.

"Mwenyekiti? Nilitaka ujue jana haikumaliza kitu. Bado nimekukasirikia."

"Najua, dada."

"Vizuri. Na ulivyovaa jana ni aibu, uniletee hayo mashati. Na ukija, pitia kwa seremala, mimi ananiogopa. Mwambie mti mgumu, mtupu, mkavu."

"Usio na utomvu," alimalizia mdogo wake, kama mama alivyokuwa akisema.

"Usio na utomvu," alisema Mama Pasi, akakata simu, akaenda kumwamsha Dereva awashe moto.